Sauti Iliyokataliwa Redioni

Ndugu msikilizaji, juma hili tunaelekea Japani kumtazama mwimbaji ambaye redio ya nchi yake ilimkataa akiwa mtoto, ikamtukuza alipokua, ikamfungia mlango alipofikia umri wa miaka 36, na hatimaye ikaifufua sauti yake miaka 30 baada ya kifo chake. Mwimbaji huyo ni Misora Hibari. Jina hilo ni la jukwaani. Hibari ni ndege mdogo apaaye juu huku akiimba, na Misora maana yake ni anga nzuri. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kato Kazue.

Alizaliwa tarehe 29 Mei, 1937, katika mji wa bandari wa Yokohama. Baba yake alikuwa muuza samaki. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, baba aliitwa kujiunga na jeshi la majini, na katika hafla ya kumuaga binti huyo mwenye umri wa miaka sita aliombwa aimbe. Watu wazima waliokuwapo walilia. Tangu siku ile mama yake, Kimie, alitambua kwamba mtoto huyu ana kitu ambacho wenzake hawana.

Miaka miwili baadaye, siku ileile binti alipotimiza miaka minane, ndege za Marekani ziliiteketeza Yokohama kwa mabomu ya moto. Maelfu ya watu walikufa. Mwezi Agosti Japani ikasalimu amri. Iliyobaki ilikuwa nchi ya njaa, magofu na masoko ya magendo, na hesabu iliyofanywa na serikali mwaka 1948 ilionyesha watoto yatima zaidi ya 120,000.

Ni katika hali hiyo binti alipokwenda kujaribu bahati yake kwenye shindano la waimbaji wasio na ujuzi, lililoandaliwa na NHK, shirika la utangazaji la umma. Aliyefaulu aligongewa kengele. Hibari aliimba, lakini kengele haikulia. Sababu? Si kwamba aliimba vibaya. La hasha! Waamuzi waliona kwamba anaimba vizuri kupita kiasi, kwamba sauti ya mtu mzima katika kifua cha mtoto haifai, na kwamba jambo hilo halina mafunzo mema. Hata baadaye, alipokwisha kupata jina, walikuwapo waandishi waliosema kwamba mtoto anayeiga nyimbo za mapenzi za wakubwa ni kituko cha kuchukiza.

Lakini wananchi walikuwa na masikio yao wenyewe. Mwaka 1949, akiwa na miaka 12, alicheza katika filamu ya Kanashiki Kuchibue, yaani Mluzi wa Huzuni. Humo ni yatima wa mitaani anayeimba akiwa amevaa kofia ndefu ya mabwana na koti lenye mkia. Mwaka uliofuata ikaja Tokyo Kid, naye tena ni mtoto wa mtaani. Hebu fikiri, msikilizaji: kila anayenunua tiketi amepishana na watoto wa namna hiyo vituoni akaona haya kuwatazama. Sasa mmoja wao yuko kwenye pazia la sinema, anaimba, na hana huzuni usoni. Kile waamuzi walichokiita kasoro ndicho watu walichokihitaji. Watoto wa Japani walikuwa wamelazimishwa kuwa watu wazima na vita, na hapa palikuwa na sauti iliyolikiri jambo hilo.

Tangu hapo hakupumzika. Mwaka 1950 alikwenda Hawaii na California kuwaimbia watu wa asili ya Kijapani. Katika maisha yake alicheza filamu zaidi ya 150 na kurekodi nyimbo zaidi ya 1,000. Mama yake ndiye aliyekuwa msimamizi, mshauri na mlinzi, akimfuata kila aendako.

Lakini wahenga walisema ukubwa ni jaa. Januari 1957, katika ukumbi mmoja wa Asakusa, Tokyo, msichana mshabiki wake, wa miaka 19 sawa na yeye, alimmwagia tindikali usoni kwa sababu ya mapenzi yaliyogeuka kuwa wivu. Alipona, akarudi jukwaani. Mwaka 1962 aliolewa na mwigizaji Kobayashi Akira, na mwaka 1964 ndoa ikavunjika. Mwaka uleule aliimba Yawara, wimbo kuhusu mchezo wa judo, uliompatia tuzo kuu ya rekodi ya Japani mwaka 1965. Mtunzi wa muziki wake, Koga Masao, alikuwa miongoni mwa wakubwa waliokitambua kipaji chake tangu utotoni.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yetu. Kila mkesha wa mwaka mpya NHK hurusha tamasha liitwalo Kohaku, ambapo waimbaji wanawake, timu nyekundu, hushindana na wanaume, timu nyeupe. Mwaka 1963 zaidi ya asilimia 80 ya kaya zilizopimwa zililitazama. Kuimba mwisho katika timu yako ndiyo heshima kubwa kupita zote, na tangu mwaka huo hadi 1972, miaka kumi mfululizo, heshima hiyo kwa upande wa wanawake ilikuwa ya Misora Hibari.

Mwaka 1973 mdogo wake wa kiume, aliyekuwa na uhusiano na genge la Yamaguchi-gumi, alikamatwa na polisi. Kumbi za umma zikaanza kukataa maonyesho ya Hibari, kwa kuwa ndugu huyo alikuwa katika msafara wake. Wakubwa walitaka amwache, naye pamoja na mama yake wakakataa. Mwisho wa mwaka NHK ilipotangaza majina ya Kohaku, lake halikuwamo.

Tuwe wakweli. Uhusiano wake na watu hao haukuwa uzushi. Taoka Kazuo, mkuu wa Yamaguchi-gumi, alimlea kisanii tangu utotoni, na kampuni ya Taoka ndiyo iliyoandaa maonyesho yake. Shirika linaloendeshwa kwa ada za wananchi lina haki ya kujitenga na magenge. Hata hivyo, katika Japani ya baada ya vita, msanii wa kuzunguka miji asingeweza kupanda jukwaa bila idhini ya watu wa namna hiyo. Kumbi, tiketi na ulinzi vilikuwa mikononi mwao. Jambo hilo lilijulikana kwa wote katika ile miaka kumi ya heshima, wala hakuna aliyeuliza. Lilipogeuka kuwa aibu, mzigo wote alitwishwa mwimbaji.

Alialikwa tena Kohaku mara moja tu, kama mgeni maalumu, mwaka 1979. Kisha misiba ikaandamana: mama yake alifariki mwaka 1981, na ndugu zake wawili wa kiume wakafuata kabla ya mwaka 1987, wote wakiwa na miaka 42. Mwaka 1987 yeye mwenyewe alilazwa kwa maradhi ya ini na mifupa ya nyonga. Tarehe 11 Aprili, 1988, aliimba karibu nyimbo 40 mbele ya watu wapatao 50,000 katika uwanja wa Tokyo Dome, gari la wagonjwa likimsubiri nje. Januari 1989 ikatoka Kawa no Nagare no Yo ni, yaani Kama Mkondo wa Mto. Tarehe 24 Juni mwaka huo alifariki, akiwa na miaka 52. Siku chache baadaye serikali ilimpa Tuzo ya Heshima ya Wananchi, mwanamke wa kwanza kuipata. Aliyepewa hakuwapo kuipokea.

Na si hilo tu. Mkesha wa mwaka 2019, katika Kohaku ileile, NHK ilileta sura na sauti yake zilizotengenezwa kwa akili bandia ya kompyuta kutokana na kanda za zamani, zikaimba wimbo mpya ambao yeye hakuwahi kuusikia. Wengine walilia kwa furaha, wengine wakasema ni kumvunjia heshima marehemu.

Ndugu msikilizaji, ni rahisi kumpenda msanii aliyekufa. Hana ndugu wa kutuaibisha, haugui, wala hakatai akiombwa. Kazi ngumu ni kumheshimu angali hai, pamoja na familia yake na mizigo yake. Japani ilikuwa na miaka 16, tangu 1973 hadi 1989, ya kuifanya kazi hiyo.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.