Jina na Ubini Hewani

Mtu akibisha hodi usiku wa giza, mwenye nyumba huuliza, "Nani?" Akijibiwa "Mimi," bado hajajua lolote, kwa maana kila mtu ni mimi. Mgeni hutakiwa ataje jina lake na la baba yake, ndipo mlango ufunguliwe. Redio nayo ni hodi ya gizani, kwani sauti hufika bila uso. Kwa sababu hiyo kila kituo cha mawasiliano, kiwe melini, ndegeni au nchi kavu, hupewa alama ya mwito, yaani herufi chache, pengine pamoja na tarakimu, ambazo hazitumiwi na kituo kingine chochote duniani.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Simu ya upepo ilipokuwa changa, vituo vilijichagulia herufi, na viwili viliweza kuitikia jina moja. Mkutano wa mataifa uliofanyika Berlin mwaka 1906 ndio ulioagiza kila kituo kiwe na herufi tatu zisizofanana na za mwenzake.

Faida yake ilionekana usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912. Titanic ilipogonga mwamba wa barafu, fundi wake wa simu ya upepo, Jack Phillips, aliita msaada na kutaja alama yake, MGY. Harold Cottam, fundi wa meli Carpathia, ambayo alama yake ilikuwa MPA, alijua papo hapo ni nani anayezama. Carpathia ikaokoa watu zaidi ya 700. Lakini msomaji aitazame herufi M inayoanza katika majina yote mawili. Hiyo haikuwa ya nchi. Ilikuwa ya kampuni ya Marconi, iliyomiliki mitambo hiyo. Meli ilitambulishwa kwanza kwa tajiri wa mitambo.

Mikutano iliyofuata, London mwaka 1912 na Washington mwaka 1927, iliimarisha utaratibu mwingine: herufi za mwanzo ziwe za nchi. Ufaransa ikawa na F, Italia I, Japani J, Uingereza G. Na makoloni ya Uingereza? Hayo yalitiwa katika fungu la V. Kituo cha utangazaji cha Nairobi katika miaka ya 1930 kilijulikana kwa alama ya VQ7LO. Watu binafsi waliopewa leseni ya kuwasiliana kwa redio walitumia VQ1 Zanzibar, VQ3 Tanganyika, VQ4 Kenya na VQ5 Uganda. Ndege nazo ziliandikwa ubavuni VR-T kwa Tanganyika, VP-K kwa Kenya na VP-U kwa Uganda, maana alama za uraia wa ndege hutoka katika orodha hiyo hiyo. Kila mtoto alikuwa na jina lake, lakini ubini ulikuwa mmoja, na mwenye ubini huo alikaa London.

Wakati huo herufi zilianza kupungua. Mkutano wa Atlantic City wa mwaka 1947 ukafungua njia ya tarakimu kutangulia herufi. Hivyo nchi zetu zilipojitawala, Tanganyika mwaka 1961, Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963, zilipata ubini wake zenyewe: 5H, 5X, na kwa Kenya 5Y pamoja na 5Z. Baada ya Muungano wa mwaka 1964, Zanzibar iliingia katika 5H, lakini tarakimu za zamani zilidumu kwa watumiaji binafsi: 5H1 Zanzibar, 5H3 Bara. Anayejua kusoma huuona Muungano mzima katika herufi moja na tarakimu mbili.

Tunapowafundisha vijana habari za Uhuru, huwaonyesha bendera na kuwaimbisha wimbo wa taifa. Ni vyema. Hata hivyo bendera hushushwa magharibi, na wimbo una siku zake. Alama ya mwito hutumika usiku na mchana, kila rubani na kila nahodha anapobisha hodi kwa wageni, na wageni humwandika kwa jina hilo.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilinunua ndege kubwa za Super VC10 na kuziandikisha kwa zamu katika nchi zote tatu: 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA. Baba watatu, nyumba moja. Mwaka 1977 nyumba ilivunjika. Super VC10 nne zilizosalia zilirudi Uingereza, zikafutwa majina na kufanywa ndege za kubebea mafuta za jeshi la anga la huko. Ile iliyokuwa 5H-MMT ikaitwa ZA147. Tarehe 25 Septemba 2013 ilitua kwa mara ya mwisho, na tangu hapo hakuna VC10 iliyoruka tena popote.

Jumuiya imefufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na wenzetu wengine wameingia. Kila nchi imebaki na alama yake, na sioni ubaya. Ubini wa mtu haumzuii kushirikiana na jirani. Kilichokosekana mwaka 1977 hakikuwa jina. Ilikuwa subira ya kukaa na mwenye ubini mwingine chini ya paa moja, na hiyo haigawiwi na mkutano wowote wa mataifa.