Kidole Kwenye Uji wa Mtama

Historia ya bia ikisimuliwa, usahihi huwa na tarehe yake ya kuzaliwa. Mwaka 1762 Michael Combrune, mpika bia wa Uingereza, alichapisha kitabu kilichowataka wenzake waache kukisia joto la maji yanayomwagwa juu ya kimea, watumie kipimajoto. Katika miaka hiyohiyo kijana James Baverstock wa mji wa Alton alikuwa akikificha kipimajoto chake baba yake asikione, maana mzee hakutaka habari za majaribio. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, wakaonyesha kwamba ndani ya kimea cha shayiri mna kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari. Basi mgawanyo ukakaa hivyo: kabla ya chombo ni kubahatisha, baada ya chombo ni sayansi.

Mimi naandika tasnifu ya uzamili kuhusu pombe katika Buha, na mgawanyo huo siukubali. Sababu yangu haitokani na fahari ya kwetu. Inatokana na mtama.

Shayiri ni nafaka yenye huruma. Wanga wake hulainika maji yakifika nyuzi 60 na kidogo, na kwenye joto hilohilo vimeng'enya vya kimea viko kazini. Mpika bia humwaga maji ya moto juu ya kimea kilichosagwa, hufunika, husubiri kama saa moja. Akikaa karibu na 62, sukari nyingi huwa ya aina ambayo hamira huimaliza, na bia hutoka nyepesi na kali. Akikaribia 70, hubaki uzito na utamu mdomoni. Anayepika lita 20 jikoni kwake huhangaika zaidi na kupoa, kwa kuwa chungu kidogo hupoteza joto upesi kuliko pipa la kiwanda. Lakini nafaka yenyewe iko upande wake.

Mtama hauko upande wa mtu. Wanga wake hulainika karibu na nyuzi 70 na kupita, yaani palepale ambapo vimeng'enya vya kimea chake vimeanza kufa. Ukibaki chini ya joto hilo, sehemu kubwa ya wanga inakaa ngumu, haigusiki. Ukipanda juu, umeua kile ulichokitegemea kuuvunja. Hakuna namba moja ya kulenga, kwa hiyo hata ungekuwa na kipimajoto bora kuliko cha Combrune, kisingekuokoa.

Njia ya kutoka ni kuigawa kazi. Kwanza unapika uji wa unga wa mtama, bila kimea, uchemke mpaka uive kabisa. Halafu unauacha upoe. Halafu ndipo kimea kinaingia. Hivyo ndivyo wanavyofanya wanawake wa Buha, na ndivyo wafanyavyo wapika pombe ya nafaka katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kusini. Aliyeanza kupika namna hii alikuwa ameshaelewa, bila jina la kimeng'enya, kwamba unga na kimea vinataka mioto miwili tofauti. Hiyo ni nadharia, hata kama haikuandikwa popote.

Kitahana, kule Kibondo, nilikaa wiki mbili kwa bibi mmoja anayepika pombe tangu miaka ya Azimio la Arusha. Mtama wake ni mwekundu. Anauloweka, anaufunika kwa majani ya migomba mpaka uote, anauanika juani, anausaga. Uji anaupikia kwenye pipa lililokatwa nusu. Huko juu, maji huchemka kabla ya nyuzi 100, kwenye 95 au 96, na jioni baridi huingia mapema, kwa hiyo uji hupoa haraka kuliko mtu wa Dar es Salaam anavyotarajia. Bibi anaondoa kuni, anakoroga kwa mwiko mrefu, anachovya kidole cha shahada. Anakoroga tena. Nilimwuliza anajuaje.

"Kidole kiingie, kisikae," alisema. "Kikikataa kuingia, ni mapema. Kikikaa, mwanangu, umeshachelewa."

Nilikuwa na kipimajoto cha kidijitali, nikamwomba nikitumbukize kila anapoamua kuweka kimea. Aliniruhusu, kwa sharti kwamba nisimtajie namba kabla hajaamua. Kila mara kilisoma kati ya 60 na 66.

Wenzangu darasani husema huo ni uzoefu tu. Sawa, lakini tazama unafanyaje kazi. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Ya nyuzi 70 huunguza kabla hujamaliza kuhesabu moja. Kati ya hapo muda wa kuvumilia hubadilika sana kwa kila nyuzi chache, na huo ndio ukanda ambao mpishi wa pombe anauhitaji. Tena kinachoharibika kwenye ngozi iliyoungua ni protini, na vimeng'enya navyo ni protini. Kidole kinaogopa karibu kitu kilekile ambacho kimea kinakiogopa. Zebaki haiogopi chochote.

Katika nyaraka za utawala wa Waingereza nilizosoma, pombe ni leseni, kodi, ulevi, au nafaka inayopotea wakati wa njaa. Wanaume wa Kiha wanaonekana humo: wanalewa, wanatozwa faini, wanapanda treni kwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya katani ya Tanga. Wanawake waliobaki nyuma hutajwa mara chache, na hakuna afisa aliyeuliza kitu kile kinatengenezwaje. Sheria ya Vileo ya 1968 haikubadili swali. Nayo inahusu nani auze, wapi na kwa leseni gani.

Na hapo ndipo ninapoona hasara. Kwa mwanamke ambaye mume yuko katani, pombe ilikuwa fedha isiyopitia mikononi mwa mtu mwingine, na fedha hiyo ilisimama juu ya dakika chache. Kimea kikiingia uji ukiwa bado mkali, debe zima la mtama limebaki uji. Halitachacha vizuri, na aliyekukopesha mtama anakungoja palepale. Bibi alisema ilimtokea mara moja, mwaka ambao mwanawe wa kwanza alitakiwa kupeleka ada ya sekondari. Mtoto alikaa nyumbani muhula mzima. Anayesema wanawake hawa walikuwa wakibahatisha hajafikiria ni nani aliyelipa kila bahati ilipokataa.

Kiwanda kilipokuja, hakikuleta utaratibu mpya. Miaka ya 1950 Max Heinrich, Mjerumani wa Kitwe, Rhodesia ya Kaskazini, alianza kutengeneza pombe ya aina hii kwa kuiuza kwa wingi, na inasimuliwa kwamba jina Chibuku lilitokana na buku aliloandikia kila upishi wake. Viwanda vya Afrika Kusini navyo vilichemsha nafaka, vikaipoza hadi nyuzi 60 hivi, vikaweka kimea cha mtama. Mpangilio ni uleule wa chunguni. Kilichoongezeka ni kipimajoto, matangi, na hilo buku.

Mabinti wa bibi wameokoka na hawapiki tena. Sioni sababu ya kuwalaumu. Anayejifunza ni mjukuu wa kiume, na kijijini wanamcheka kidogo. Pombe zake mbili za kwanza zilitoka nyepesi na chungu. Nilipompima alikuwa akiweka kimea kwenye nyuzi 71. Bibi hakuhitaji namba hiyo. Alimshika mkono, akaugeuza, akasugua kidole cha shahada kilichokomaa kwa mpini wa jembe, akamwambia kuanzia sasa atumie kidole cha mwisho, ambacho jembe halijakifikia.