Spiriti Ndani ya Petroli, na Shida Yake kwa Motokaa za Zamani

Natumaini kila mmoja amekaa mahali penye nuru na kitabu chake kiko wazi. Ikiwa neno litakupita katika redio, usihangaike. Yote yamepigwa chapa humu, nawe waweza kulirudia polepole.

Leo twasoma historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu mnachokinusa kila siku barabarani, yaani petroli.

Mwezi wa Septemba, mwaka 2021, petroli ya kawaida katika vituo vya Uingereza ilibadilishwa. Kabla ya hapo, katika kila sehemu 100 za petroli ziliruhusiwa sehemu 5 za spiriti. Tangu siku hizo ziliruhusiwa sehemu 10, na petroli hiyo ikaitwa E10. Serikali ilisema nia yake ni kupunguza moshi unaoongeza joto la dunia. Ilisema pia kwamba motokaa 95 hivi katika kila 100 zitumiazo petroli hazitadhurika. Lakini zile 5 zilizobaki ni zipi? Nyingi ni za zamani, zinazotunzwa na wenyewe kama mtu anavyotunza jembe la babu yake. Basi wenye motokaa hizo wakaingiwa na hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu.

Kwanza tujue spiriti ni nini. Ni ile ile iliyomo katika pombe. Pombe ikichemshwa na mvuke wake ukapozwa, hupatikana maji makali yanayowaka moto. Wamarekani huitengeneza kwa mahindi, Wabrazili kwa miwa, na watu wa Ulaya kwa nafaka na viazisukari.

Wengi hudhani kutia spiriti katika petroli ni jambo la jana. Sivyo. Spiriti ni mgeni wa zamani sana katika nyumba ya injini. Mwaka 1908 Henry Ford wa Marekani alianza kuuza motokaa iitwayo Model T. Dereva wake aliweza, akiwa kitini, kugeuza kipimo cha mafuta na hewa, na kwa mkono wake kubadili wakati wa cheche. Motokaa ya namna hiyo haikuwa na kiburi juu ya chakula chake. Miaka miwili kabla, mwaka 1906, Bunge la Marekani lilikuwa limeondoa kodi kubwa juu ya spiriti ya viwandani, kodi iliyoanza mwaka 1862 wakati wa vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Ford aliipenda spiriti, maana yeye ni mtoto wa mkulima, na aliona kwamba mkulima aweza kuuza mazao yake kwa mwenye motokaa.

Mbona basi spiriti ilishindwa? Petroli ilikuwa rahisi kwa bei, lakini ilikuwa na aibu moja. Injini yenye nguvu ikipanda mlima kwa petroli dhaifu hugonga, kana kwamba mtu yuko ndani anapiga sufuria kwa nyundo. Spiriti huzuia kugonga huko. Lakini mwezi wa Desemba mwaka 1921, Thomas Midgley na wenzake wa kampuni ya General Motors waligundua kwamba dawa iliyotengenezwa kwa risasi nayo huzuia, tena kidogo sana hutosha. Petroli ya risasi ikaanza kuuzwa mwaka 1923. Risasi ni sumu, na hilo halikuwa siri: mwezi wa Oktoba 1924 wafanyakazi 5 walikufa katika kiwanda kimoja cha New Jersey kilichotengeneza dawa hiyo. Hata hivyo biashara iliendelea. Dunia haikumalizana na petroli ya risasi ya motokaa mpaka mwaka 2021, nchi ya mwisho ikiwa Algeria. Kwa maoni yangu ile ilikuwa hesabu mbaya, na waliolipa deni si wale walioandika hesabu.

Spiriti haikufa kabisa miaka ile. Huko Uingereza kampuni ya Cleveland iliuza petroli yenye spiriti iitwayo Discol tangu 1928 hata 1968. Brazili iliamuru mwaka 1931 petroli ichanganywe na spiriti, na baada ya mafuta kupanda bei ghafula mwaka 1973, ikaanza mwaka 1975 mpango mkubwa wa spiriti ya miwa. Na sisi jirani zake Muhoroni tusijifanye wageni: nchini Kenya spiriti ilitengenezwa huko kwa molasesi, ile asali nyeusi inayobaki sukari ikiisha kutolewa, ikachanganywa na petroli tangu 1983 hata 1993. Basi mzee aliyekuwa na motokaa Kenya miaka hiyo huenda ameendesha kwa maji ya miwa bila kufikiri.

Sasa tuifungue boneti tutazame shida yenyewe.

Motokaa iliyotengenezwa, tuseme, mwaka 1950 au 1965, ilitengenezwa kwa petroli ya siku zake. Mhandisi alichagua mpira na madini yatakayovumilia petroli. Kuvumilia spiriti hakuombwa. Mipira ya zamani ikikaa ndani ya mchanganyiko huu hufura, kisha hukauka na kupasuka. Mpira wa kuleta petroli kutoka tangini hupita karibu na injini yenye moto. Ukipasuka hapo, petroli hudondoka juu ya chuma cha moto, na motokaa nzima yaweza kuteketea pamoja na aliyemo. Hili ndilo la kuogopwa kuliko yote, kuliko hasara ya fedha.

Seremala aliyemo darasani atalielewa jambo la pili upesi. Shelaki, ile vanishi itokayo kwa wadudu wa Bara Hindi, huyeyushwa kwa nini kabla ya kupakwa juu ya meza? Kwa spiriti. Basi katika kabureta za zamani sana mna boya dogo lililochongwa kwa gome jepesi, kama lile la vizibo vya chupa, nalo limepakwa shelaki lisinywe petroli. Spiriti ikifika huiyeyusha shelaki. Boya huloa, huzama, na petroli hufurika kwenye kabureta. Nayo shelaki iliyoyeyuka huenda ikaganda katika vitundu vyembamba.

Tena spiriti hupenda maji. Petroli tupu na maji havipatani. Maji hukaa chini peke yake. Lakini spiriti huyavuta maji hata katika unyevu wa hewa, huyakumbatia na kuyashika. Ikishika mengi kupita kiasi, karibu nusu lita katika lita 100 za petroli, yote mawili hujitenga na petroli na kushuka chini ya tangi. Hapo kutu huanza. Na tundu la kunyonyea petroli liko wapi? Mara nyingi ni huko huko chini.

Liko jambo jingine, dogo zaidi. Spiriti ina nguvu pungufu kwa theluthi moja kuliko petroli, nayo huhitaji hewa kidogo ili iungue. Motokaa mpya ina kompyuta ya kupima na kurekebisha. Kabureta ya zamani haijui lolote; huendelea kutoa kipimo kile kile, na injini huwa na hewa nyingi kuliko inavyopaswa. Fundi mzuri hulitengeneza kwa kubadili sindano au tundu la kabureta.

Mtu atauliza: kama Discol iliuzwa miaka 40, mbona kelele sasa? Swali zuri. Nionavyo mimi, siku zile mipira ilikuwa mipya na motokaa zilikwenda kazini kila siku, petroli haikupata nafasi ya kulala. Siku hizi motokaa ya zamani hutoka Jumapili chache za kiangazi, kisha hulala miezi yote ya baridi, na spiriti inakunywa maji polepole tangini. Nadhani spiriti hulaumiwa pia kwa makosa ya uvivu wetu.

Wenye busara hufanya hivi. Hubadili mipira yote ya petroli na kutia ile iliyotengenezwa kustahimili spiriti, na huikagua kila mwaka. Wakitaka kuilaza motokaa, humwaga petroli kwanza. Na Waingereza wamebakiza katika vituo vingi petroli bora yenye spiriti isiyozidi sehemu 5, ingawa bei yake ni ya juu.

Mafundi wana njia ya kujua kama petroli ina spiriti. Hufanya kazi nje, mbali na moto na sigara. Huchukua chupa nyembamba ya kioo yenye alama, hutia maji mpaka alama fulani, kisha petroli juu yake, huziba, hutikisa, na kungoja vitulie. Petroli hukaa juu, maji chini. Kama petroli ni tupu, maji hurudi kwenye alama yake. Kama ina spiriti, maji huonekana yamezidi.

Msijaribu nyumbani, lakini jibuni pamoja na mwalimu wenu: je, hayo maji yaliyozidi yametoka wapi? Kwaherini.