Upimaji wa Pombe na Dawa za Kulevya kwa Wafanyakazi wa Usafiri wa Umma (Marekani)

Nchini Marekani, madereva, mafundi na waongozaji wa usafiri wa umma hupimwa pombe na dawa za kulevya kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1991, iliyopitishwa miezi michache baada ya treni ya chini ya ardhi kuacha reli jijini New York na kuua watu 5, dereva wake akiwa amelewa. Wapo wanaosema kumpima mtu asiyeshukiwa kunavunja faragha. Hoja hiyo ni nzito, lakini abiria hana njia ya kumkagua anayemkabidhi uhai wake. Tena mfanyakazi naye analindwa: majibu ya maabara hupitiwa na daktari, na aliyekutwa na dawa ana saa 72 za kudai sampuli ya pili ipimwe. Haki ya upimaji imo katika kuzifuata taratibu hizo.