Kelele ya fazi: upimaji wake mpakani Busia na Malaba
Kelele ya fazi ni mtikisiko mdogo wa haraka katika fazi, yaani hatua ya mzunguko, ya wimbi la chanzo cha masafa. Busia na Malaba, miji ya Kaunti ya Busia, zinaonyesha kwa nini ni lazima ipimwe: mawimbi ya minara ya simu ya Kenya na Uganda huvuka mpaka, hivyo kelele ya mnara mmoja yaweza kumwagikia masafa ya jirani na kufunika ishara dhaifu. Kanuni ya mfumo wa simu wa GSM huruhusu mnara mkubwa kukosea sehemu 0.05 kwa milioni, yaani hetzi 45 kwenye megahetzi 900, lakini hicho ni kipimo cha wastani wa masafa, na wastani sahihi huweza kuficha wimbi chafu.

Wapo wasemao saa ya GPS inatosha. Haitoshi: GPS hunyoosha mwenendo wa muda mrefu, ilhali mtikisiko wa sehemu ndogo za sekunde ni wa kioo cha kwatzi kinachozalisha masafa ya mnara, na kuzidisha masafa ya kioo kutoka megahetzi 10 hadi 900 huuongeza kwa takriban desibeli 39. Pingamizi zito zaidi dhidi ya upimaji ni kwamba kipimio nacho kina kelele yake. Dawa ni kupima kwa njia mbili zisizotegemeana na kuoanisha matokeo: kelele ya vipimio hufifia, na wastani wa vipimo 10,000 huishusha kwa desibeli 20.