Maili ya Pili: Neno Lililosemwa kwa Mbeba Mzigo

Jumamosi moja tulikuwa vijana kama ishirini, tumekaa kwenye mabenchi katika chumba tunachokopeshwa hapa Batsinda kwa mikutano yetu. Tulikuwa tumemwalika mhubiri mmoja atupe neno. Akafungua Matayo sura ya 5, akachukua mstari wa 41 peke yake, ule wa mtu anayelazimishwa kutembea maili moja, na Yesu anasema atembee mbili. Mhubiri akatuambia kijana mkimbizi asilalamike. Patron asipolipa, vumilia. Mjomba akikupiga, vumilia. Ukiwekewa mzigo mmoja, omba wa pili.

Kijana mmoja wa miaka kumi na saba akasimama, akatoka. Nikamfuata. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe pembeni ya njia, anaangalia watu wanaopita na mabidoni ya maji. Akaniambia: "Yaya, ile maili mimi nilishatembea. Walinibebesha masanduku ya risasi siku tatu, nilikuwa na miaka kumi na mbili. Sasa Yesu anataka nirudi nibebe tena?"

Sikuwa na jibu. Na tuseme ukweli, mle ndani hata mimi nilikuwa nimenyamaza wakati mhubiri anaongea. Mimi si mchungaji, nilifika sekondari tu. Lakini nilimwambia nitatafuta. Ndugu wasomaji, haya ndiyo niliyopata.

Tuanze na namba zenyewe. Yesu hakufundisha kwa mistari. Hata walioandika Injili hawakuweka sura wala mistari. Sura tunazotumia leo zinatokana na kazi ya Stephen Langton, mwalimu wa Paris aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa miaka ya 1200. Namba za mistari ya Agano Jipya zilikuja baadaye sana: Robert Estienne, mchapaji wa vitabu, alizitoa mwaka 1551. Namba zinasaidia, maana bila hizo tungepotea kutafuta neno. Lakini zimetupa pia kisu. Mtu anaweza kukata kipande cha maneno kumi, akakuwekea mezani, na wewe ukafikiri umekula chakula chote.

Sasa turudishe kipande mahali pake. Yesu anaanza na sheria ya zamani ya jicho kwa jicho. Sheria hiyo iliwekwa kupunguza kisasi, usije ukaua ukoo mzima juu ya jicho moja. Kisha anasema msishindane na mwovu, na anatoa mifano: anayepigwa shavu la kuume, anayeshitakiwa ili anyang'anywe kanzu, anayelazimishwa kutembea maili, na anayeombwa kitu. Baada ya hapo anaingia kwenye kuwapenda adui, na kwamba jua la Mungu linawaka juu ya wabaya na wema. Maili iko katikati ya mazungumzo marefu juu ya kisasi na adui. Habari ya patron anayekula mshahara wa kijana haimo mle, wala ya mjomba.

Na hii "maili" ni nini? Ni kipimo cha Waroma, hatua elfu moja, karibu mita 1,480. Na kitenzi cha Kiyunani alichoandika Matayo, angareuo, hakimaanishi kumsindikiza rafiki. Ni neno la serikali. Lilianzia kwa Waajemi, ambao wajumbe wa mfalme wao walikuwa na haki ya kuchukua watu na wanyama njiani. Waroma waliendeleza desturi hiyo. Askari au ofisa akipita, anachukua punda wako, gari lako, au mgongo wako.

Kuna jiwe lililopatikana Uturuki, katika eneo la mji wa kale wa Sagalassos, na maandishi yake yalichapishwa mwaka 1976. Ni tangazo la gavana wa Kiroma wakati wa Kaisari Tiberio, yaani miaka ileile Yesu alipokuwa kijana au mtu mzima. Tangazo limeandikwa kwa Kilatini na Kiyunani. Linapanga ni magari mangapi na nyumbu wangapi wenyeji wanapaswa kutoa, nani ana haki ya kuchukua, na bei ya kulipa. Gavana anaonya wanaochukua bila haki. Ukiona serikali inachonga onyo kwenye jiwe, ujue wananchi walikuwa wameshateseka.

Kuna jambo lingine ambalo Biblia yetu ya Kiswahili inalificha bila kukusudia. Tafsiri ya mwaka 1952, ile ambayo wengi wetu tunayo, inasema "kulazimisha" kwenye maili. Ukifika sura ya 27, Simoni wa Kirene anapokamatwa abebe msalaba, inasema "kumshurutisha". Kwa Kiyunani ni kitenzi kilekile: angareuo. Matayo alitumia neno moja, sisi tukapata mawili, na uzi ukakatika. Ukiuunga tena utaona kwamba yule aliyefundisha juu ya mtu anayebebeshwa kwa nguvu, mwishoni mzigo wake mwenyewe ulibebwa na mtu aliyebebeshwa kwa nguvu. Tena mtu huyo ni wa Afrika, maana Kirene iko Libya ya leo.

Sisi watu wa Maziwa Makuu hatuhitaji jiwe la Uturuki kuelewa hayo. Mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, jeshi la Wabelgiji lililoitwa Force Publique lilitoka Kongo kupigana na Wajerumani. Liliingia hapa Kigali tarehe 6 Mei, na tarehe 19 Septemba likachukua Tabora. Vitabu vinataja jenerali wao, Tombeur. Lakini barabara za magari hazikuwapo, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Risasi, chakula na mizinga vilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Wapagazi wa upande wa Wabelgiji peke yao walizidi 200,000. Wengi hawakurudi, na majina yao hayakuandikwa. Upande wa Waingereza ni vilevile: jina la Kariakoo, lile soko la Dar es Salaam, linatokana na kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps.

Baada ya vita, Wabelgiji walibaki hapa Rwanda mpaka 1962. Kulikuwa na kazi za lazima, akazi, na nyuma ya kazi hizo kulikuwa na kiboko. Watu wengi walivuka kwenda Uganda kuzikimbia. Kwa hiyo ukisoma habari ya maili kwa babu yeyote wa eneo hili, haoni mfano wa dini. Anaona njia, mzigo, na mtu mwenye fimbo nyuma.

Watu waliomsikiliza Yesu Galilaya walikuwa hivyo. Walijua pia bei ya kurusha jiwe. Alipokufa Herode Mkuu, mwaka wa 4 kabla ya Kristo, kulitokea maasi katika mji wa Sefori, mwendo wa saa moja na kitu kwa miguu kutoka Nazareti. Mwandishi Yosefo anasema jeshi la Varo liliuchoma mji na wakaaji wake wakauzwa utumwani. Yesu alikua jirani na majivu hayo. Basi waliokuwa wamekaa mbele yake walifanana zaidi na yule kijana wa kwenye jiwe kuliko na mhubiri wetu.

Hapo ndipo swali linapobadilika. Mtu asiye na silaha, akilazimishwa, afanye nini ili asivunjike ndani na asiuawe bure? Mwalimu mmoja Mmarekani, Walter Wink, aliandika juu ya mistari hii kwa ajili ya makanisa ya Afrika Kusini mwaka 1987, wakati wa apartheid. Alisema Yesu hafundishi kukimbia wala kupiga, anafundisha njia ya tatu. Kofi la shavu la kuume ni la mgongo wa mkono, kofi la bwana kwa mtumwa. Ukimgeuzia la pili, unamwambia anipige kama mtu mwenzake. Joho la maskini, kwa sheria ya Musa, halikuruhusiwa kulala kwa mdai. Ukimpa na hilo, aibu inakuwa yake. Na maili ya pili ni wewe unayeichagua, kwa hiyo mwenye amri anapoteza amri yake.

Mafundisho haya yalinifurahisha sana. Nikampelekea yule kijana. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Wale wa kwetu, ungewaambia utabeba siku ya nne, wangefurahi tu."

Ana haki. Wink anasema askari aliyepitisha maili moja angeadhibiwa, lakini jiwe la Sagalassos halitaji mpaka wa maili moja. Na Luka, anapoandika mafundisho hayohayo katika sura ya 6, anaweka shavu na joho bila kutaja maili kabisa. Kwa hiyo sitaki kumuuzia mtoto ushindi ambao hakuuona porini.

Lakini jambo moja limebaki mkononi mwangu, na hilo silitoi. Neno la maili ya pili lilisemwa kwa mbeba mzigo, na aliyelisema alikuwa upande wa mbeba mzigo. Kwa wanaofunga mizigo, Injili hiyohiyo ya Matayo ina neno lingine. Katika sura ya 23 Yesu anawakemea walimu wa dini wanaofunga mizigo mizito, wakaiweka mabegani mwa watu, na wao wenyewe hawagusi hata kwa kidole. Katika sura ya 11 anawaita waliolemewa wapumzike. Mhubiri anayechukua neno la 5:41 na kumwambia kijana asidai mshahara wake, amelitoa kwenye mdomo wa mbebaji na kuliweka kwenye mdomo wa mwenye fimbo. Maneno ni yaleyale, lakini mafundisho yameshageuka.

Nilimrudia yule kijana nikamwambia hivyo, kwa ufupi zaidi. Nikamwambia kwamba hakuna mstari unaosema alitakiwa kubeba zile risasi, wala unaomkataza kusema kwamba yalikuwa mabaya. Nikamsomea pia habari ya Simoni. Akaniuliza kama walimlipa. Nikasema haikuandikwa, ila Marko anataja majina ya watoto wake, Aleksanda na Rufo, maana yake kuna watu waliowajua.

"Basi angalau walimkumbuka," akasema.

Siku hizi anakuja Jumamosi, si kila wiki. Anakaa karibu na mlango. Na sisi tumeweka desturi moja katika kikundi chetu: mtu akisoma mstari, anaanza kusoma mbele yake na nyuma yake, halafu tunauliza pamoja, hapa anaambiwa nani? Mara ya kwanza kuuliza swali hilo kwa mgeni aliyealikwa, mikono yangu ilitetemeka. Lakini niliuliza.