Chikanda, Tunduma na Majani Yasiyo na Mtetezi

Kuna chakula kinapendwa sana ng'ambo ya Tunduma, upande wa Zambia, ambacho sehemu yake kubwa imetoka kwenye udongo wetu. Kinaitwa chikanda. Viazi vidogo vya okidi hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa mpaka vigande na kukatwa vipande kama mkate.

Kula okidi si jambo jipya. Kilichobadilika ni soko. Miji ya Zambia ilikua, viazi vya huko vikaadimika, wachuuzi wakageukia Nyanda za Juu Kusini. Tim Davenport na Henry Ndangalasi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikienda Zambia kila mwaka. Na kile kiazi kigumu kinachotakiwa sokoni ndicho akiba ya mmea kwa msimu ujao, ukikichukua, umeuua. Usiseme basi tupande. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haioti bila kuvu fulani wa udongoni.

Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, tena kwa ajili ya maua hasa, katika nchi iliyozoea kuhesabu tembo. Vizuri sana. Lakini Kitulo ni kama kilomita za mraba 413 tu. Majani mengine yako nje: Ufipa, Ileje, Mbozi, kwenye mabonde na vipande vilivyobaki katikati ya mahindi na kahawa. Hiyo ni ardhi ya vijiji, ya koo, ya mtu na wanawe.

Hapo ndipo sheria zetu zinaponiudhi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaingiza ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika kwenye ardhi ya jumla. Sheria ya Misitu ya 2002 inamtambua mwenye msitu binafsi. Mwenye majani je? Akiacha ekari mbili bila jembe, majirani watasema kalala, na karatasi zitasema hatumii.

Zamani bonde lilikuwa na kazi: malisho, na nyasi za kuezekea. Bati limeifuta kazi ya pili. Imebaki ng'ombe, na mnunuzi wa viazi anayekuja na gunia lake. Ila mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji unaweza kuandika neno "malisho" juu ya bonde kama hilo, na hapo angalau majani yatakuwa na kazi inayosomeka ofisini.